Kufuata Rangi: Kutoka Mwaloni Kirumba hadi Majimoto

Mwaloni, Kirumba

Mwanza huamka na samaki. Jua halijachomoza juu ya vilima vya mawe, na tayari pale mwaloni Kirumba magunia ya dagaa yanashushwa, makuli wanapigiana kelele za kupishana, na harufu ya samaki wakavu imetanda hadi barabarani. Dagaa wa visiwani hukusanywa hapa kabla ya kupakiwa kwenda mikoani na nchi jirani, na anayetaka kujua ukubwa wa Ziwa Viktoria aanzie kwenye magunia haya, si kwenye ramani.

Nilikuja kufuata rangi. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma habari za wanasayansi wanaobadilisha jeni za bakteria wapenda joto, viumbe wanaostawi kwenye chemchemi za maji ya moto, ili watengeneze rangi za asili za kutia kwenye vyakula, dawa na nguo. Nilijua pia kwamba mkoani Mara, si mbali na ziwa, kuna chemchemi ya namna hiyo. Basi nikaamua niifuate pwani ya ziwa kutoka Mwanza hadi huko Majimoto, na njia nzima nitazame rangi za viumbe hai zinatoka wapi.

Jibu la kwanza lilikuwa juu ya meza ya mama mmoja muuza samaki. Pembeni ya sato na sangara aliweka fungu dogo la furu, wengi wa kijivu. Katikati yao palikuwa na dume mmoja ambaye mabega yake yalikuwa bado na wekundu wa pilipili iliyoiva, na kwenye pezi la chini madoa ya manjano yaliyozungushiwa mstari mwembamba.

"Hao wa rangi tulikuwa tunawaona wengi, mwanangu," mama akaniambia huku akiwapangusa maji. "Siku hizi umpate mmoja kwenye fungu, umebahatika."

Furu ni maajabu ya ziwa hili. Takriban miaka 15,000 iliyopita ziwa lilikauka, na baada ya maji kurudi walitokea humo zaidi ya spishi 500 za furu. Kwenye visiwa vya mawe vya Ghuba ya Mwanza wapo furu wawili wanaofanana mno: mmoja buluu, anayeishi karibu na uso wa maji, na mwingine mwekundu, anayeishi chini zaidi, ambako mwanga mwekundu ndio unaofika kwa wingi. Yule mwekundu anaitwa kisayansi Pundamilia nyererei. Wataalamu waliomwelezea mwaka 1985 walimpa jina la Mwalimu Nyerere. Jike humchagua dume kwa rangi, na rangi ndiyo inayozitenga spishi hizo mbili. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walilithibitisha hilo kwa miaka mingi ya kazi katika ghuba hii, na mwaka 2008 utafiti wao ukachapishwa katika jarida la Nature.

Lakini furu hawezi kujitengenezea wekundu wake. Unatokana na karotenoidi, ukoo wa rangi za manjano, machungwa na nyekundu, ambazo samaki huzipata kwenye chakula. Alikula kijidudu, kijidudu kilikula mwani, na mwani ndio uliopika rangi. Nikaondoka Kirumba na wazo hilo: kila mnyama mwenye rangi nitakayemwona, niulize amekula nini.

Mlango Mmoja

Mchana nikawa Mlango Mmoja, soko la mitumba. Kijana mmoja alichomoa jinzi kwenye lundo, akaitandaza mbele yangu na kunionyesha mapaja yake yaliyopauka.

"Kaka, hii gredi ya kwanza. Ona ilivyopauka vizuri."

Kupauka huko hakukuletwa na jua. Zamani viwandani jinzi zilizungushwa kwenye mashine pamoja na mawe mepesi ya volkano hadi buluu ichubuke. Baadaye vikaja vimeng'enya, protini zinazokwangua nyuzi za juu za pamba ili buluu iliyozishika idondoke yenyewe. Kimojawapo kina historia ya kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1992 Profesa William Grant wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, na wenzake walichukua sampuli za bakteria kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa nchini Kenya, yakiwemo Bogoria na Nakuru. Kampuni ya Genencor ya Marekani ikapata humo jeni za kimeng'enya kinachofanya kazi kwenye maji ya magadi, ikazipandikiza kwenye bakteria wa kiwandani, na bidhaa zikaenda sokoni: sabuni za kufulia na dawa ya kupausha jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilidai hadharani sehemu ya faida. Upande wa pili ulisema utafiti ulifanyika kwa vibali. Mwaka 2007 shirika hilo lilitia saini mkataba na kampuni nyingine, Novozymes ya Denmark, ambao safari hii ulitaja mgawo na mafunzo kwa Wakenya.

Hata ile buluu yenyewe imeshafika mikononi mwa bakteria. Mwaka 1983 Burt Ensley na wenzake wa kampuni ya Amgen walihamisha jeni kutoka kwa bakteria mmoja kwenda kwa mwingine, na chombo cha maabara kikageuka nili. Rangi ambayo kwa karne nyingi ilitoka kwenye majani ya mnili, na tangu mwaka 1897 ikauzwa na kiwanda cha BASF ikiwa imetengenezwa kwa kemikali, ikawa inatoka kwa kiumbe asiyeonekana kwa macho.

Nikimtazama kijana yule akikunja jinzi zake, niliiona Mwanza kwa jicho jingine. Huu ni mji wa pamba. Vyama vya ushirika vya wakulima wa Usukuma vilijengwa juu ya pamba, na enzi za Mwalimu kikaja kiwanda cha nguo cha Mwatex, hapa hapa ukitoka kuelekea Musoma. Tuliotesha pamba nyeupe na tukaifuma. Rangi ndiyo tuliyoagiza nje.

Saanane

Asubuhi iliyofuata nilivuka kwa boti hadi Saanane, kisiwa chenye hifadhi ya taifa ndani ya jiji. Jina ni la Saanane Chawandi, mvuvi aliyeishi hapa kabla kisiwa hakijageuzwa bustani ya wanyama mwaka 1964. Mawe ya granaiti yamebebana kwa namna ambayo kila mgeni husimama kujiuliza yanashikwa na nini. Haya ni miongoni mwa miamba mikongwe ya Afrika, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu.

Juu ya jiwe lililoanza kupata moto alikuwa ametulia mjusi dume, kichwa na mabega ya waridi iliyokolea, na kuanzia kifuani hadi mkiani buluu inayoelekea zambarau. Nilipokaribia akapiga pushapu mbili tatu, ishara ya kunitaka niondoke kwenye himaya yake. Huyu ni Agama mwanzae, aliyepewa jina la mji huu na Arthur Loveridge mwaka 1923. Majike waliokuwa karibu naye walikuwa wa hudhurungi, na ukiangalia kwa haraka utadhani ni sehemu ya jiwe.

Mwili wake una somo. Wekundu wa kichwani ni chembe za rangi zilizo ndani ya ngozi. Buluu ni habari nyingine. Ngozi ya mjusi ina vipande vidogo mno vilivyopangwa kwa mpangilio unaorudisha mwanga wa buluu na kuuachia mwingine upite, hivyo ukiisaga ngozi hiyo hupati hata tone la buluu. Buluu inayoweza kukamuliwa na kutiwa kwenye chupa ni adimu kwa viumbe hai. Ndiyo maana katika biashara ya rangi za asili, manjano na nyekundu hupatikana kwa urahisi, lakini buluu hutafutwa kwa bidii na kulipiwa vizuri.

Bujora

Kisesa ni mwendo mfupi kutoka mjini, na juu ya kilima chake ipo Bujora, makumbusho ya Wasukuma. Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, alianza kazi hapa miaka ya 1950. Alikusanya ngoma, viti vya watemi na vifaa vya waganga wakati ambapo wengine waliviona ni vya kutupwa. Banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Kila Juni hufanyika Bulabo, sherehe inayoanza na sikukuu ya Ekaristi na kuendelea na mashindano ya ngoma kati ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wachezaji vyenye ushindani wa vizazi na vizazi. Wengine hucheza na majembe mikononi wakiyarusha na kuyadaka. Wengine hucheza na chatu.

"Mwangaluka," nilimwamkia bibi aliyekuwa ameketi kivulini na ungo mapajani. Akaitikia na kunikaribisha mkeka. Kwenye ungo alikuwa na michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa, na kando yake matobolwa, ambavyo huchemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Alinipa bakuli la michembe iliyopikwa na karanga, chakula kilichowavusha Wasukuma miaka mingi ya ukame. Katikati ya vipande vya kijivu palikuwa na vingine vyenye rangi ya chungwa.

"Hivyo vya viazi lishe," akasema. "Wajukuu wanavigombania."

Chungwa lile ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, kinga ya macho ya watoto. Ukoo wake ni ule ule wa wekundu wa furu. Hapo nikazidi kuona kwamba rangi katika viumbe hai si pambo. Inalinda, inalisha, inachagua mchumba, inafukuza adui. Anayejua kuitengeneza bila kumpokonya mwenyewe ameshika kazi yenye thamani.

Lamadi

Barabara ya Musoma inapita Magu na mashamba ya pamba, kisha inakaribia ziwa hadi unaona Ghuba ya Speke ikimeremeta kushoto. John Hanning Speke aliliona ziwa hili karibu na Mwanza tarehe 3 Agosti 1858 na kuliandika kwa jina la malkia wake. Wenyeji walikuwa wakiliita Nyanza. Lamadi imekaa mahali penye kushangaza: mkono mmoja mitumbwi na nyavu, mkono wa pili, mbele kidogo, lango la Ndabaka la kuingilia Hifadhi ya Serengeti. Asubuhi unasikia jogoo, na usiku ukiwa na bahati unasikia fisi.

Ufukweni palipotulia, maji yalikuwa na utando wa kijani uliokaza. Nilichovya kijiti nikakitoa kimepakwa rangi hadi nusu. Hawa ni sianobakteria, bakteria wanaojipikia chakula kwa mwanga wa jua, na baadhi yao hutoa sumu. Wamezidi ziwani tangu miongo ya mwisho ya karne iliyopita, kwa sababu maji taka ya miji na udongo wa mashamba huleta fosforasi na naitrojeni nyingi. Sangara aliyeletwa ziwani katikati ya karne iliyopita aliwamaliza furu wengi, lakini ukungu huu wa kijani nao umefanya kazi yake. Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba maji yakichafuka, mwanga hupungua, majike ya furu hushindwa kutofautisha nyekundu na buluu, na spishi zilizotengana huanza kuchanganyika na kupotea. Maneno ya yule mama wa Kirumba yalinirudia.

Sianobakteria hao hao, mahali pengine na kwa kiasi chake, ni hazina. Ndugu zao, spirulina, hustawi kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, ndio chakula cha heroe wadogo, na waridi ya manyoya ya ndege hao imetoka kwenye karotenoidi za chakula hicho. Ndani ya spirulina imo pia fikosianini, protini ya buluu, na buluu hii inakamulika kweli. Mwaka 2013 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu itumike kwenye peremende.

Kituoni Lamadi mtoto aliniuzia mabuyu yaliyokolezwa wekundu, na muda si muda vidole na ulimi wangu vilikuwa vyekundu. Ubuyu wenyewe ni mweupe, wekundu ni rangi ya dukani. Rangi nyingi za namna hii duniani hutengenezwa kwa kemikali zinazotokana na mafuta ya petroli, na serikali zimeanza kuziangalia upya. Januari 2025 Marekani iliamua kuiondoa kwenye vyakula rangi nyekundu iitwayo erithrosini, na kuwapa watengenezaji hadi Januari 2027. Kwa hiyo viwanda vinahitaji rangi za asili. Shida ni kwamba nyingi haziuwezi moto. Fikosianini ya spirulina ukiichemsha pamoja na sukari, protini yake hukunjuka na buluu inatoweka sufuriani.

Ndiyo sababu macho yamegeukia chemchemi. Kiumbe anayeishi kwenye joto la nyuzi 55 hana budi kuwa na fikosianini inayolistahimili joto hilo. Thermosynechococcus, sianobakteria aliyetolewa kwenye chemchemi za Beppu, Japani, anayo. Galdieria, mwani wa chemchemi zenye moto na tindikali, anayo pia, na Mei 2025 Marekani iliruhusu buluu yake itiwe kwenye vyakula.

Musoma na Butiama

Musoma ni mji mtulivu uliochomoza ndani ya ziwa. Jioni nilikula sato wa kukaanga kwa ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, mweusi, mzito, wa kushibisha mvuvi, huku upepo wa ziwa ukipoza mchuzi upesi kuliko nilivyoweza kula. Ni hapa, Novemba 1974, lilipopitishwa Azimio la Musoma kuhusu elimu, lililosukuma kila mtoto wa Tanzania aingie darasani.

Kesho yake nikawa Butiama. Mwalimu Nyerere alizaliwa hapa tarehe 13 Aprili 1922 na amelazwa hapa tangu Oktoba 1999, katika kaya ya Mwitongo, kati ya mawe na miti. Wengi wanakumbuka siasa zake. Wachache wanakumbuka kwamba alipofundisha Tabora katika miaka ya 1940, biolojia ilikuwa mojawapo ya masomo yake. Nilisimama mbele ya kaburi lake nikimfikiria mwalimu wa biolojia ambaye samaki mwekundu wa ziwa hili anabeba jina lake.

Pale kivulini nilikaa na mwalimu kijana wa sekondari, naye hakunificha mashaka yake.

"Mambo ya kubadilisha jeni, kaka, hapa kwetu yana maneno," alisema. "Wazee wanauliza: mbegu zikishabadilishwa, kesho tutanunua kwa nani?"

Swali hilo ni la haki, na nchi imelibeba kwa uzito. Oktoba 2016 mahindi yaliyobadilishwa jeni ili yastahimili ukame yalipandwa kwa majaribio Makutupora, Dodoma. Novemba 2018 serikali iliagiza majaribio yasitishwe, na Januari 2021 Waziri wa Kilimo akatangaza tena kuyafuta. Nilimjibu mwalimu kwamba mbegu ya shambani na bakteria wa kwenye pipa ni mambo mawili. Mbegu huenda na upepo na nyuki. Mkulima hana namna ya kuizuia. Bakteria mpenda joto hufungiwa kwenye pipa la chuma lililofungwa, na akimwagika nje, kwenye udongo wa kawaida, ubaridi unamzuia kustawi. Usalama huo haufuti haja ya sheria na ukaguzi, ila unabadilisha mjadala. Swali la wazee linabaki pale pale, na ndilo kubwa kuliko yote: nani atakuwa mwenye mali?

Majimoto

Kutoka Butiama nilielekea mashariki, nikaliacha ziwa mgongoni. Nchi inapanda taratibu, mashamba ya ulezi na mtama yanapishana na malisho, na vilima vya mawe vinajitokeza tena. Hii ni nchi ya Wangoreme, wafugaji na wakulima. Asubuhi ya baridi ndiyo saa nzuri ya kufika Majimoto, kwa sababu mvuke unaonekana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuona maji? Pita huku, huko unakoelekea utaungua."

Mzee alinitangulia kwa fimbo yake. Maji yanatoka kwenye nyufa, yakibubujisha mapovu madogo yanayopanda kwa mistari. Hakuna volkano hapa. Maji ya mvua huzama kilindini kupitia mipasuko ya miamba mikongwe, hupata moto wa tumbo la dunia, kisha hurudi juu. Kandokando ya mfereji mawe yalikuwa na ukoko mweupe wa chumvi.

Nilichuchumaa, na pale ndipo nilipoona nilichokifuata. Karibu na jicho la maji jiwe lilikuwa tupu, lenye utando mwembamba wa rangi ya maziwa yaliyoganda. Hatua chache chini, maji yalipopoa kidogo, ulianza ukingo wa manjano hafifu, kisha kijani kizito kinachoteleza. Mbele zaidi, mahali ambapo ningeweza kutia kidole, zulia nene la rangi ya chungwa lilikuwa limetanda pembeni mwa maji, tabaka juu ya tabaka, na katikati ya tabaka mapovu ya hewa yamenaswa. Kila rangi ilikuwa na mpaka wake, na mpaka huo uliwekwa na joto. Duniani kote, juu ya nyuzi 73 hivi hakuna kiumbe anayeweza kujipikia chakula kwa mwanga wa jua. Chini ya hapo kijani huanza, na kadiri maji yanavyopoa ndivyo wengine wanavyoingia, wenye karotenoidi za kujikinga na jua kali.

"Sisi tunaita uchafu wa maji," mzee akasema. "Kumbe una kazi?"

Nilimsimulia habari za Thomas Brock, Mmarekani ambaye mwaka 1966, katika chemchemi za Yellowstone, yeye na mwanafunzi wake Hudson Freeze walipata bakteria wa manjano wakiishi kwenye joto la nyuzi 70. Walimwita Thermus aquaticus. Miaka baadaye kimeng'enya chake ndicho kilichowezesha kipimo cha PCR kinachonakili DNA kwa kupashwa moto na kupozwa mara kwa mara, kipimo ambacho dunia nzima ilikitumia wakati wa Uviko. Kary Mullis, aliyebuni njia hiyo, alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1993. Mali yote hiyo ilitoka kwenye utando ambao mpita njia angeukwangua kwenye kiatu chake.

Ndugu yake, Thermus thermophilus, alipatikana kwenye chemchemi nchini Japani, na ndiye anayependwa na wahandisi wa jeni. Ana tabia moja inayowarahisishia kazi: huchukua mwenyewe DNA iliyo kwenye maji na kuiingiza mwilini. Manjano yake ni zeaxanthini iliyoungwa na sukari na mafuta, ambayo huukaza utando wa seli ili usilegee motoni. Kuipika ni kazi ya kupokezana, mfano wa watu waliopanga mstari kisimani wakipeana ndoo: kimeng'enya cha kwanza huunganisha malighafi, cha pili huigeuza nyekundu, cha tatu huifanya chungwa, cha nne manjano. Mhandisi akiongeza nakala za jeni ya mwanzo, rangi huzidi. Akiizima ya tatu, kazi inaishia kwenye nyekundu, laikopini, ile ile ya nyanya. Akitia jeni ngeni mwishoni, anaweza kutafuta astazanthini, waridi inayolishwa samaki wa kufugwa na kuuzwa ghali. Ugumu ni kwamba kimeng'enya kilichoazimwa kwa kiumbe wa maji baridi huharibika kwenye nyuzi 70. Hivyo inabidi jeni nazo zitafutwe kwenye chemchemi nyingine za moto, na kila chemchemi isiyochunguzwa inakuwa ghala lisilofunguliwa.

Kuna sababu nyingine zinazoifaa nchi yetu. Pipa la kuzalisha bakteria wa kawaida hutaka kupozwa muda wote, na kidudu kimoja kikipenya kutoka hewani, mzigo mzima umeharibika. Pipa lenye nyuzi 70 halihitaji kupozwa kiasi hicho, na vidudu vingi vya hewani hufa mlemle.

Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo naliona ni muhtasari wa safari nzima: "Na hao wakija na chupa zao, sisi tutaandikwa wapi?"

Jibu lipo, likifanyiwa kazi. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika Oktoba 2014, inataka ridhaa itolewe kwanza na mgawo ukubaliwe kabla rasilimali za kijenetiki hazijachukuliwa. Lakini ridhaa ya mtu asiyejua alicho nacho ni karatasi tu. Kenya ilidai miaka 12 baada ya sampuli kuondoka Bogoria. Sisi tunayo nafasi ya kutangulia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Sokoine na Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha zina watu wanaoweza kuziorodhesha chemchemi zetu, kuwatenga bakteria wake, kusoma jeni zao na kuwahifadhi hapa hapa nchini. Shule za kata zilizo jirani zinaweza kufundishia biolojia kandokando ya maji haya. Kijiji kinaweza kutajwa kwa jina katika kila mkataba.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukienda Mwanza usiishie kupiga picha za mawe. Mtazame furu sokoni, mpe mjusi wa Saanane nafasi yake, kula michembe Bujora, kisha endelea hadi Majimoto. Ukifika usikanyage zulia la chungwa wala kutupa takataka majini, maana tabaka moja la zulia lile huchukua muda mrefu kujengeka. Mwulize mwenyeji kabla ya kuchota. Na kama una mwana anayesoma sayansi, nenda naye, umwonyeshe mpaka wa kijani na chungwa, umwambie kwamba kazi ya kuwajua viumbe hawa ni ya kwake kabla haijawa ya mgeni.